Kufunga Vyuma vya Sitaha kwenye Mashua Kuukuu ya Tanga Bila Kuiozesha: Mwongozo Kamili

Kliti ya omo, yaani ya mbele, ya mashua yangu iling'oka jioni moja ya mwezi wa tano, na haikung'olewa na dhoruba. Upepo wa ziwa ulikuwa umelisukuma gugumaji mchana kutwa kuelekea ufuko wa Dunga hapa Kisumu, likajilundika ubavuni mwa mashua kama mkeka mzito wa kijani, na kamba ya nanga ikawa inavutwa bila kupumzika. Nilipofika nilikuta kliti, yaani kile chuma cha pembe mbili cha kufungia kamba, inaning'inia kwenye kamba na skrubu zake nne fupi bado zimo. Sitahani palibaki matundu manne. Niliingiza bisibisi kwenye tundu moja, ikatoka na kitu cheusi, laini, kilicholowa chepechepe, mfano wa machicha ya chai. Hiyo ilikuwa mbao.

Aliyezifunga skrubu zile alizizamisha moja kwa moja kwenye sitaha, bila bolti, bila bamba upande wa chini, kisha akazungushia silikoni juu. Kwa macho kazi ilikuwa safi. Maji yakawa yanaingia tone kwa tone, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyejua.

Wageni kutoka Mombasa huniambia sisi wa Kisumu tuna bahati kwa kuwa ziwa letu halina chumvi. Kwa upande wa chuma wanasema kweli: bolti ambayo Pwani ingekula kutu kwa miaka michache, hapa hudumu. Kwa upande wa mbao mambo ni kinyume. Chumvi huzuia ukungu unaoozesha mbao. Maji baridi ya ziwa na ya mvua huulisha. Hapa kwetu mvua ya mwaka hupita milimita 1,000, nyingi yake ikianguka alasiri na usiku kwa kishindo, kisha asubuhi jua la ikweta linapasha sitaha moto na kuupikia ukungu chakula chake. Kwa hiyo mtu anayefunga chuma kwenye mashua ziwani asihofu kutu kwanza. Ahofu tundu analotoboa.

Mwongozo huu ni wa mashua ndogo za faibaglasi, futi 14 hadi 22, za miaka ya 1960 hadi 1980, ambazo bado zinapatikana hapa na kule Naivasha. Mashua za mbao za wavuvi zina mambo yake, na mafundi wa kalafati wanayajua kuliko mimi.

Sitaha ina nini ndani

Sitaha ya mashua kama hizi mara nyingi ni mkate uliopakwa siagi katikati: ngozi nyembamba ya faibaglasi juu, nyingine chini, na kati yake mbao, ama balsa ama plaiwudi. Balsa ni nyepesi na ni ngumu ikiwa kavu, lakini ikipata maji huvimba, huachana na ngozi, mwisho huwa uji. Ngozi peke yake haina nguvu. Nguvu yote hutokana na ngozi mbili kushikamana na mbao iliyo kati yao. Mbao ikioza, sitaha huanza kubonyea chini ya kisigino, na chuma chochote ulichofunga hapo kimeshikwa na ngozi ya milimita tatu tu.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja, na hatua zote zinazofuata zinaitumikia: bolti isigusane na mbao kamwe. Kati ya bolti na mbao lazima pawe na ukuta wa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, ili hata siku dawa ya kuziba ikichoka, maji yakipenya yaangukie ndani ya chumba cha mashua ambapo utayaona, yasizame ndani ya sitaha ambapo hutayaona.

Gonga kwanza

Kabla ya kununua chochote, chukua mpini wa bisibisi ya plastiki au sarafu ya shilingi 20 ugonge sitaha nzima, sentimita tano kwa tano. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja anayeunda mashua za mbao Dunga. Nilimwita anisaidie kutazama omo, akapiga magoti, akagonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio.

"Mzee, hapa pakoje?"

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Hapa panajibu." Akasogeza mkono kiganja kimoja. "Hapa pamenyamaza."

Ndivyo ilivyo hasa. Penye uzima hujibu kwa sauti kavu na kali. Penye maji au palipoachana hunyamaza, sauti ni butu kama ya kugonga gunia la mahindi. Zungushia chaki kila penye kimya. Utaona karibu kila alama imezunguka chuma fulani: nguzo ya ukingo, pete ya kapi, bamba la kushikilia waya za mlingoti.

Eneo bovu likiwa dogo kama kiganja, utalitibu kupitia matundu yenyewe kwa njia nitakayoeleza. Likiwa kubwa kama sinia, acha mpango wa kufunga chuma. Hapo ngozi ya juu lazima ikatwe, mbao itolewe na iwekwe mpya, na hiyo ni kazi nyingine nzima. Kufunga chuma kipya juu ya mbao iliyooza ni kupoteza pesa na kuhatarisha watu.

Vya kununua

Bolti ziwe za stenilesi. Tazama kichwani: zile zilizoandikwa A2 zinatosha kwa maji baridi, A4 ni bora zaidi na ndizo za baharini, ukizipata kwa bei nzuri chukua. Ukiwa na shaka beba sumaku ndogo: stenilesi nzuri haivutwi, au huvutwa kidogo mno, ilhali chuma cha kawaida kilichopakwa zinki hudakwa mara moja. Nimeuziwa bolti za zinki kama stenilesi zaidi ya mara moja, kwa hiyo sumaku haitoki mfukoni mwangu.

Kwa mashua ya futi 18, M6, yaani bolti ya unene wa milimita 6, inatosha kliti na kapi nyingi. Kwa nguzo za ukingo na kliti ya nanga tumia M8 kama matundu ya chuma chenyewe yanaruhusu. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani. Washa ziwe pana.

Urefu wa bolti upigie hesabu, usikisie. Mfano wa kliti yangu: kitako cha kliti milimita 8, sitaha 15, bamba la chini 9, washa karibu 2, nati 6. Jumla 40. Ongeza milimita tatu za nyuzi zichomoze nje ya nati, inakuwa 43, basi nunua ya 45.

Epoksi, si resini ya poliesta. Poliesta ni nafuu na inapatikana kila duka la faibaglasi, lakini haishiki vizuri kwenye mbao wala kwenye faibaglasi iliyokwisha kauka miaka mingi. Na tafadhali usizibe matundu kwa fila ya kunyooshea magari. Inanyonya maji.

Dawa ya kuziba ninayoitetea ni mkanda wa butili, ule wa kijivu au mweusi unaonata kama ubani uliotafunwa. Haugandi. Mashua inajipinda, joto linapanda na kushuka, nao unanyooka na kurudi. Ulizia kwa mafundi wa vioo vya magari au wa paa. Polisalfaidi nayo ni nzuri ila huharibu baadhi ya plastiki, kwa hiyo usiitumie kwenye madirisha. Poliyurethani hushika mno. Siku ukitaka kufungua utang'oa na jelkoti, lile tabaka gumu la rangi la nje ya faibaglasi. Silikoni usiilete karibu: ikishapakwa huacha mafuta ambayo hakuna kitu kingine kitashika juu yake. Butili ina adui mmoja, petroli, basi usiitumie kwenye mdomo wa tangi.

Bamba la chini unaweza kulikata mwenyewe kwa plaiwudi nzuri ya milimita 9 hadi 12, au umpe fundi wa jua kali pale Kibuye akukatie alumini ya milimita 4 au 5. Liwe pana kuliko kitako cha chuma kwa angalau sentimita mbili kila upande, na pembe zake ziviringwe. Pembe kali huchoma ngozi ya sitaha kutoka chini, na nyufa huanzia hapo. Bamba la plaiwudi lipakwe epoksi mikono miwili pande zote, na ndani ya matundu yake pia.

Ongeza glovu, miwani, barakoa ya vumbi, asitoni, tepu ya karatasi, na turubai. Glovu si za hiari. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huzua mzio ambao hauponi. Nawafahamu mafundi wawili walioacha kazi hiyo kwa sababu ya mikono.

Mahali pa kuweka

Hapa usiwe na haraka. Tundu likishatobolewa halirudi. Toka asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, pandisha tanga mashua ikiwa imefungwa, shikilia chuma kwa mkono au kwa tepu mahali unapopafikiria, upitishe kamba kama utakavyoitumia. Kaa unapokaa ukiongoza. Vuta. Je, mkono unafika bila kuachia usukani? Kamba inakwaruza ukingo? Goti litagonga hapo gizani?

Kliti isikae sambamba kabisa na kamba inayokuja. Igeuze digrii 10 hadi 15, ili zungusho la kwanza lipite vizuri chini ya pembe na kamba isijibane yenyewe. Urefu wake uwe karibu mara 16 ya unene wa kamba: kamba ya milimita 10 inataka kliti ya sentimita 16. Ndogo zaidi ya hapo utaichukia kila jioni mikono ikiwa imelowa.

Kama una winchi ya demani, yaani ya kamba ya kuongozea tanga, hakikisha kamba inaingia kwenye pipa lake ikitokea chini kidogo, kwa mwinamo wa digrii tano hadi kumi. Ikiingia ikiwa imenyooka au ikitokea juu, zungusho hupandana na kamba hukwama wakati mbaya kabisa.

Kapi inayogeuza kamba nayo hudanganya watu. Ikiigeuza kamba digrii 90, yenyewe hubeba karibu mara 1.4 ya mvuto wa kamba. Ikiirudisha nyuma kabisa, digrii 180, hubeba mara mbili. Kwa hiyo pete ndogo ya kapi inaweza kuhitaji bolti kubwa kuliko kliti inayoishikilia kamba ileile.

Kisha ingia chini utazame. Kuna waya? Kuna ukuta? Nati na spana zitafika? Toboa kwanza kitundu kidogo cha milimita 3 kimoja tu, uone kinatokea wapi, ndipo uendelee.

Kutoboa, kukwangua, kujaza

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo wengi wanairuka.

Weka tepu ya karatasi juu ya jelkoti, chora alama, toboa. Mwanzoni zungusha drili kinyumenyume ili biti ikwangue jelkoti bila kuipasua, kisha uirudishe mbele. Kwa bolti ya M6 tumia biti ya milimita 12, upite ngozi ya juu na mbao, usimame kabla ya ngozi ya chini. Zungushia tepu kwenye biti kama alama ya kina. Tazama kinachotoka: vumbi la rangi ya krimu, kavu, ni afya. Uzi wa kahawia uliolowa ni ugonjwa.

Sasa chukua msumari, upinde ncha yake digrii 90 kwa urefu wa sentimita moja, ukate kichwa na uufunge kwenye drili. Ingiza ndani ya tundu uzungushe polepole. Ncha iliyopinda itakwangua mbao kati ya ngozi mbili na kuacha shimo pana ndani lenye mdomo mdogo juu. Nyonya vumbi lote. Penye ubovu endelea kukwangua kwa mkono mpaka ukutane na mbao inayokataa.

Mbao ikiwa na unyevu, subiri. Acha matundu wazi chini ya turubai lenye nafasi ya hewa kupita, wiki mbili au tatu, katika kipindi cha kiangazi. Mimi nilisubiri hadi mvua ndefu zilipoisha, na bado nilitumia taa ya joto siku mbili.

Epoksi na joto la Kisumu hawaelewani vizuri. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda wa kuifanyia kazi hupungua karibu nusu, na saa saba mchana kikombe kilichojaa kinaweza kuchemka na kutoa moshi mkononi. Changanya kidogo kidogo, gramu 50 hadi 100, umwage kwenye kisahani kipana ili joto litoke. Vipimo vya resini na hadina, ile dawa ya kuigandisha, vifuate maandishi ya kopo, kwa mizani au bomba la sindano. Kuongeza hadina ili ikauke haraka huiharibu. Jaza saa kumi na moja jioni, joto likiwa linashuka, kwa sababu hewa iliyo ndani ya mbao hujikunja na kuivuta epoksi ndani. Ukijaza asubuhi, hewa hupanuka kadiri jua linavyopanda na kutoa mapovu. Tatizo ni kwamba jioni ndiyo saa ya mvua yetu. Funga turubai kabla ya kuchanganya, hata mbingu ikiwa nyeupe.

Kwanza paka epoksi nyepesi ndani ya tundu kwa brashi ndogo, uiache inywewe dakika kumi na tano. Kisha kwenye epoksi iliyobaki au mchanganyiko mpya ongeza unga wa silika, au vumbi laini la msasa wa mbao ngumu, mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Jaza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukianzia chini ya tundu ili hewa itoke juu. Rudi baada ya nusu saa, itakuwa imeshuka, ongeza.

Acha saa 24. Asubuhi utakuta utelezi kama nta juu yake. Ioshe kwa maji na sponji ngumu kabla ya msasa, maana msasa huuzamisha utelezi huo badala ya kuuondoa.

Sasa toboa tena katikati ya kizibo, safari hii milimita 6.5, mpaka chini. Hapo mdomo wa tundu upanue kwa biti yenye umbo la pia, milimita mbili hivi kwenda chini. Kibakuli hicho kidogo ndicho kitakachohifadhi butili na kuifanya pete kuzunguka shingo ya bolti. Bila kibakuli, butili yote husukumwa nje na kinachobaki ni utando mwembamba usiofaa.

Kufunga

Safisha kitako cha chuma na sitaha kwa asitoni. Kata ukanda wa butili, uviringe kama uzi, uuzungushe chini ya kichwa cha kila bolti uwe koni, na kipande kingine kuzunguka kila tundu upande wa chini wa chuma. Kama chuma ni cha alumini na bolti ni stenilesi, weka washa ya nailoni kati yake. Hata kwenye maji baridi metali hizi mbili zikigusana hulana, polepole.

Upande wa chini usipake dawa ya kuziba. Maji yakipita, unataka kuyaona.

Kazi hii ni ya watu wawili. Wa juu anashika bisibisi na kazi yake ni kuizuia bolti isizunguke. Wa chini ndiye anayezungusha nati. Bolti ikizunguka, hukata butili na kufungua njia ya maji. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, uzungushe kwa mkono na spana, si kwa mashine, kwani stenilesi juu ya stenilesi ikipata moto huumana na haifunguki tena. Kaza mpaka butili ianze kujitokeza pande zote, kisha uache. Rudi kesho ukaze robo zungusho. Rudi keshokutwa. Siku ya tatu au ya nne hakuna kitakachotoka zaidi, na chuma kitakuwa kimekaa juu ya sitaha sawasawa. Hapo ukate mabaki kwa kisu cha plastiki kilicholoweshwa maji ya sabuni.

Kujaribu

Paka chaki ya unga kuzunguka nati zote chini. Juu, jenga ukuta mdogo wa udongo wa kufinyanga kuzunguka chuma, ujaze maji, uache usiku mzima. Chaki iliyobaki kavu asubuhi ni kavu kweli, hakuna ubishi. Ikiwa na mchirizi, fungua bolti hiyo peke yake, usafishe, uweke butili upya.

Baada ya hapo funga kamba, upe uzito kidogo kidogo, na mtu akiwa chini atazame bamba huku mwingine akivuta. Bamba likipinda ni jembamba mno. Rudia kukaza baada ya mwezi mmoja wa jua na mvua, na kila Januari gonga tena kwa sarafu kuzunguka kila chuma, ukisikiliza kama bado panajibu.